Barua Saba Chini ya Godoro

Shauri Moyo, Nairobi
14 Agosti 1983

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kama majani ya chai ya huko Kangema. Goti linaendeleaje na baridi hii ya Agosti? Na yule ng'ombe mkorofi, ameacha kuipiga teke ndoo ya maziwa? Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo. Kaka yangu Ndung'u anasema vitabu vinanila mimi badala ya mimi kuvila.

Hujawahi kuniuliza nasomea nini miaka yote hii. Watu wakisikia udaktari hunionyesha vidonda vyao. Jirani mmoja alishanivulia hata kiatu. Huu wangu si wa sindano, Baba. Nachunguza jinsi watu wazima wa mitaa hii, kuanzia Pumwani hadi Muthurwa, walivyofanya kazi, wakalea watoto na kuzeeka bila kujua kusoma. Alasiri tatu kwa wiki nafundisha ngumbaru katika ukumbi wa mtaa. Mwanafunzi wangu mkubwa ni Bi Batulo wa Majengo, mwenye wajukuu kumi na mmoja, aliyekuja kwa sababu moja tu: ajisomee chupa za dawa. Juzi alisoma "vijiko viwili", akasimama, akapiga vigelegele, na darasa zima likampokea. Nililia nikijifanya vumbi la chaki limeniingia machoni.

Kusoma kwangu mwenyewe bado ni kama kule kule katika chumba chetu cha nyumba za wafanyakazi wa reli, Muthurwa. Kila jioni ulirudi na gazeti, ukalikunjua, ukalitazama kwa muda, kisha ukanipa ukisema macho yako yamechoka, nikusomee. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa kwenye kigoda, nikisoma kwa sauti. Nikiruka neno gumu ulinisimamisha hapo hapo na kuniamuru nirudie. Niliamini gazeti zima unalo kichwani. Hata leo siwezi kusoma kimya. Mwenye maktaba chuoni amenikanya mara mbili, amebakiza kunishika mkono anitoe nje.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita Ndung'u alipotoka kukuona, aliniambia amezikuta barua zangu saba chini ya godoro lako, zimefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha mama, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nilikasirika, Baba. Mama alipokuwa hai, majibu yalikuja kila mwezi kwa mwandiko wake. Tangu tumzike, kimya, mwaka wa pili sasa. Nikakumbuka kwamba siku ile ya mazishi nilikuambia Jumatatu narudi chuoni, nikuache peke yako. Nikasema basi, umenitupa. Niliapa sitakuandikia tena, wala Krismasi hutaniona.

Jumanne nikaenda Soko la Burma kumhoji mzee Kiilu mwenye bucha, mmoja wa wasiojua kusoma ninaowachunguza. Nilimkuta na gazeti wazi mbele yake, nikadhani nimeelekezwa vibaya. Alicheka sana. Akaniambia kwamba yeye hutazama picha kwanza: kichwa cha mtu kikiwa juu, gazeti liko sawa. Ukurasa usio na picha haufungui. Akasema wanawe wote walijua kusoma kwa sababu yake, maana kila jioni aliwaambia macho yake yamechoka. Nikamwuliza alijuaje wanapokosea. Akanijibu kwamba mtoto akiruka neno, sauti hushuka.

Kalamu ilinidondoka kwenye vumbi la mifupa. Niliondoka bila hata kumuaga mzee wa watu. Njiani nikatafuta kichwani siku moja tu niliyoiona kalamu mkononi mwako, nikaikosa. Mama alijua, akakufichia siri hadi kaburini.

Baba, nina la kukiri. Katika sura ya kwanza ya kazi yangu niliandika kwamba asiyejua kusoma yumo gizani. Nimeukata mstari huo kwa wino mwekundu. Mtu aliyenisikiliza miaka tisa, akakamata kila kosa kwa sikio tu, yumo katika giza gani? Maprofesa wangu watatu hawajawahi kunisahihisha hivyo. Nilijiona mimi ndiye msomi wa nyumba yetu, kumbe nilikuwa mwanafunzi wako. Unisamehe kwa kudhani moyo wako ni mgumu.

Barua hii sitaituma kwa posta. Jumamosi nitaileta mwenyewe, nikae kwenye kigoda, nikusomee. Tukimaliza tutazifungua zile saba, tuanze na ya kwanza. Ukitaka tukomee hapo, sawa. Ukitaka nikufundishe, chaki ninayo mkobani, na Ndung'u hatajua mpaka upende wewe.

Nisalimie shangazi Lydiah na majirani wote wanaouliza habari zangu. Na nikifika kwenye mstari huu ukasikia sauti ikishuka, Baba, usiniambie nirudie. Sitakuwa nimeruka neno.

Ni mimi msomaji wako,
Wangeci