Damu Uliyomwachia Mama Yako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya mabomba.
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Baridi inasemaje? Kile kikohozi kimekwisha, na unakula chakula cha maana au bado unaishi kwa chai na mkate? Sisi tu wazima, ukiacha goti langu, ambalo halijawa zima tangu uzaliwe. Na kabla moyo haujakuruka: mama yako ameshafanyiwa upasuaji wa nyonga, ametoka salama, na jana alimgombeza muuguzi kwa kumletea chai ya vuguvugu.

Sasa tuelewane. Ulipokuja likizo ukatoa damu ili iwekwe akiba kwa ajili yake, ulitufurahisha sote. Mimi walinikataa kwa sababu ya presha, nikarudi nyumbani na aibu yangu na soda yao. Ndiyo maana sikukasirika ulipopiga simu unafoka kwamba upasuaji umeahirishwa, ilhali damu yako imo frijini. Hata mimi nilikuwa nimeshafoka, tena kwa sauti kubwa kuliko yako.

Daktari wa upasuaji, binti mpole asiyetishika, alinikalisha chini. Alisema damu ya mama yako imepungua mno, na kabla ya kumwongezea anataka kujua inakokwenda. Hapo nikanywea. Mimi ni fundi bomba. Mtu akiniambia tangi halijai, sianzi kwa kumletea maji, ninatafuta panapovuja.

Basi wakapaona. Vumilia nikuambie mwenyewe, maana ukisikia kwa mwingine utaumia zaidi. Ni zile dawa za maumivu ulizomtumia. Alikuwa akimeza mara mbili ya ilivyoandikwa, kwa kuwa zimetoka kwako, zikamchubua tumbo, na damu ikawa inamtoka kidogo kidogo bila yeye kujua. Usijilaumu, mwanangu. Wewe ulituma dawa. Aliyezitafuna kama karanga ni dada yangu, na ukaidi wake namjua nao tangu hujazaliwa. Ila usitume tena kitu cha kumeza. Tuma soksi.

Wakamkataza zile dawa, wakamtibu tumbo, wakamtundikia dripu ya madini ya chuma, wakangoja mpaka damu yake ikapanda. Siku ya upasuaji wakampa dawa ya kuzuia damu isitoke ovyo, na yule binti akaziba kila kimshipa kwa subira. Mfuko wako wa damu ulikuwa tayari, endapo mambo yangeharibika. Haukuhitajika.

Najua hilo litakuchoma. Ulitaka uwe nasi siku ile, na hiyo ndiyo njia uliyokuwa nayo. Lakini daktari anasema damu ya mtu, hata iwe ya mwanao, haiingizwi mwilini bila lazima. Na kwa kuwa mfuko haukai milele, ukapewa mgonjwa mwingine aliyekuwa na shida kweli.

Mama yako akataka ajue ni nani. Wauguzi wakakataa katakata. Mambo ya mgonjwa ni siri yake. Akanuna siku nzima, unamjua.

Kesho yake mtaalamu wa mazoezi akamwambia ashike kile kiunzi cha kutembelea, aende mpaka mlangoni, arudi. Akapitiliza. Nilimfuata nikihema, nikamkuta anasimama kwenye kila kitanda: "Hujambo, mwanangu? Umeamkaje?" Alimaliza wodi yake, akavuka korido, akaingia ya pili. Nikamwambia, "Dada, inatosha, utaanguka." Akanitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Niache," akasema. "Mwanangu yumo humu. Sijui tu yuko kitanda gani."

Nisalimie mkeo, na yule mjukuu wangu mtundu umbusu mashavu yote mawili. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana, na jirani fundi cherehani anauliza utarudi lini. Mungu akulinde, akulete mlangoni kwetu ukiwa na damu yako yote.

Wako akupendaye kwa presha yake yote,

Mjomba