Chumba Kilichonyamazisha Nyimbo za Mama

Papa wangu uliye Johannesburg,

Natumaini kazi ya kufunga spika kwenye nyumba za watu inakwenda vizuri. Hapa nyumbani Berea, huku pwani, tu wazima, ila chumba chetu cha sinema bado kinanisumbua moyo.

Unakumbuka Jumamosi ile tulipokipanga? Ulinikalisha kwenye kiti katikati ya chumba, ukachukua kioo cha mama na kukitelezesha polepole ukutani. "Ukiona spika ndani ya kioo, useme." Nikasema, "Naiona, papa!" Ukachora alama kwa chaki, ukanieleza kwamba hapo ndipo sauti inapogonga ukuta na kurudi kuvuruga maneno, kwa hiyo hapo ndipo pa kutundika blanketi. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Kioo yangu ikivunjika, mutajiangalia ndani ya sufuria!" Tukacheka sote watatu.

Tungeishia kwenye zile alama, labda ungekuwa hapa leo. Lakini mablanketi yalikuwa mengi na hamu yetu kubwa, tukaziba kuta zote nne, na dari pia. Nilipopiga makofi mwangwi ulikuwa umekwisha kabisa, tukadhani tumeshinda. Hatukuwakumbuka wamama wa maombi wanaoimba humo kila Jumatano.

Siku yao ilipofika, sauti ziliwafia midomoni. Mama Furaha, anayeanzisha nyimbo, alikatiza ubeti. "Eish! Ni kama kuimba ndani ya godoro. Mungu atatusikia kweli, ao tumutumie meseji?" Walicheka, lakini wiki iliyofuata walikwenda kusali nyumbani kwa mtu mwingine. Mama akakuambia umemfukuza Mungu nyumbani kwake. Ukamjibu kwamba hajawahi kuiheshimu kazi yako. Kesho yake ukapanda basi la Johannesburg.

Sasa ukipiga simu unaniuliza habari za shule tu. Humtaji mama, naye hakutaji. Mimi nakaa katikati yenu na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mama: ni mimi niliyekuomba tuzibe na dari. Wewe ulitaka kuiacha. Mlipogombana nilinyamaza, na wewe pia hukunitaja.

Jana nilipanda juu ya meza, nikashusha mablanketi ya dari na ya kuta. Niliyaacha yaliyo kwenye alama zako tu. Kisha nikamwita mama, nikamwambia ukweli wote, nikamwomba aimbe. Hakunigombeza. Aliimba mstari mmoja, akasikiliza, akaimba wa pili kwa nguvu zaidi.

"Nishushe na haya yaliyobaki?" nikamuuliza.

Aliligusa moja kwa kiganja. "Hapana, wacha hayo. Papa yako atakuja kuyatoa yeye mwenyewe."

Hakuwa na hasira, papa. Nilikuwa nimesimama karibu naye, niliisikia sauti yake.

Baki salama, na ukipiga simu tena, mwulizie mama.

Ni mimi, binti yako