Swali la Karim

Mjukuu wangu Aline,

Amani ikukute huko Gitega. Huku Muyinga tuko wazima. Mama yako amepona malaria, na mbuzi amezaa.

Umeniuliza uwajibu nini wenzako wa chuo wanaocheka imani yako. Nitakueleza, ingawa roho inaniuma mpaka leo.

Wakati wa vita, mi na Esperansi tuliuza vitenge sokoni, meza kwa meza, mbele ya duka la Karim, Mwislamu. Kila siku nilimtetea Yesu kwa Karim, aya juu ya aya. Esperansi alikunja vitenge tu.

Mama yake Karim akafariki siku ya soko. Esperansi akafunika meza, akaenda kukaa mkekani na wafiwa. Mi nikabaki, wateja wake wote wakaja kwangu.

Karim aliporudi, aya zangu za ufufuo zilikuwa tayari. Akanipita, akasimama mbele ya Esperansi.

“Dada, nyinyi Wakristo mnaamini nini juu ya wafu?”

Esperansi! Ambaye hata nyimbo za kwaya zilimshinda!

Majibu yote nilikuwa nayo mimi, Aline. Aliyeulizwa ni yeye.

Bibi yako,
Feza