Blanketi Lililorudishwa

Dukani kwa Bwana Idi,
Katesh.

Mke wangu, Mama Veronika,

Nimeandika jina hilo na kalamu imesimama. Nilifikiri nikuite Anastazia, kama padri alivyokuita siku ya ndoa, nikaona nitakuwa nimekunyang'anya hata kilichobaki. Wewe ni Mama Veronika.

Watu wakiandika barua huuliza kwanza hali ya mwili. Sitakuuliza kama hujambo, kwa sababu najua. Nakuuliza madogo. Kuni zinatosha? Maji unachota wapi, maadamu kisima cha wote umezuiwa? Bura ameacha kukohoa? Bado anamwulizia dada yake? Mimi mwilini ni mzima. Nakula nikipewa.

Najua utakavyoipata barua hii. Katekista Yohana atasimama ng'ambo ya njia na kuisoma kwa sauti ili uisikie ukiwa ndani ya ua, maana hawezi kukukaribia wala kukupa karatasi mkononi. Majirani watasikia, na Kaka Lohay atasikia. Mwanzoni nilitaka kuandika machache yasiyonitia aibu. Kisha nikakumbuka kwamba kaka yangu nilimtukana mbele za watu, basi na haya wayasikie watu hao hao. Yohana, soma taratibu, usiruke neno.

Unajua kilichonileta huku. Mdomo wangu ulinifukuzisha ualimu, na mdomo huo huo ndio Bwana Idi aliouajiri. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mtu mpole, na duka lake ndilo linalojaa kuliko yote siku za mnada wa ng'ombe. Kazi yangu si kupokea na kufunga vitu tu. Mimi nasimama mbele na kumshauri mteja. Mfugaji akiingia simtajii bei. Namwachia blanketi mikononi, tunazungumza habari za nyasi na mvua, mpaka mwenyewe alipeleke shavuni. Akishalipeleka shavuni, amenunua. Mwanamke wa Kibarabaig simfungulii shanga zote kwa pamoja. Namwonyesha aina mbili, moja nairudisha ndani ya kopo, naye ataitaka hiyo iliyorudi. Bwana Idi huwaambia wenzake, "Boay akikushika, utatoka na jembe hata kama huna shamba." Nilikuwa nacheka, na nilijivuna.

Wateja wakipungua mchana niliwasomea watu gazeti barazani. Gazeti hilo lilichapa barua zangu mbili, zote juu ya metimani, desturi yetu ya msiba. Hoja unazijua, maana nilizijaribu kwako kwanza: kwamba kumtenga aliyefiwa na mtoto, asipeane mkono na mtu, moto wake usiombwe, asinunue wala asiuze mpaka atakaswe, ni kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka. Wewe ulikuwa unasonga ugali. Ulisema tu, "Na asiyetengwa, atalia saa ngapi?" Nilikujibu kwa maneno mengi sana. Leo sikumbuki hata moja.

Barua ya Kaka Lohay iliondoka Tlawi mara tu baada ya maziko, lakini lori lilikwama kwenye matope karibu na Dongobesh, na mpaka linafika Katesh mwezi ulikuwa unakaribia kuisha. Siku hizo zote nilikuwa nataniana na watu. Nilimwuzia blanketi Mzee Tarmo, yule wa kwetu Tlawi aliyehamia Hirbadaw na ng'ombe wake, tukacheka mpaka akashika mbavu, na binti yangu alikuwa tayari ardhini.

Dereva alinipa barua nikiwa na jora la kaniki begani. Niliisoma nimesimama. Surua, siku tano, Jumapili kabla ya misa. Nikaikunja na kumpimia mteja yadi zake.

"Habari za nyumbani?" Bwana Idi aliniuliza.

"Nzuri," nikasema.

Nisikilize vizuri hapa, mke wangu, kwa sababu hapa ndipo penye kosa langu. Nilisema nzuri kwa makusudi. Nilijua nikilitamka jambo lile, watu wetu wote walioko huku wataniepuka, nami nitakuwa nimeingizwa katika desturi ile ile niliyoipiga gazetini. Sikutaka kushindwa hoja. Mtoto wangu amekufa, na mimi nilikuwa nalinda hoja.

Kesho yake akaja mfugaji kununua shuka ya binti yake. Nikamwuliza kimo. Akaonyesha ubavuni mwake, chini kidogo ya kwapa. Nikamwambia maneno ninayowaambia wote: "Mtoto anakua, baba. Chukua ndefu, mwakani itamtosha vizuri." Akachukua ndefu. Sauti yangu haikutetemeka. Mpaka leo nikikumbuka najiogopa.

Jioni ile niliandika kurasa nne kwa Kaka Lohay. Ulizisikia, maana dereva ananiambia zilisomwa mbele ya wazee. Nilimwita mlinzi wa giza. Niliagiza mfunguliwe wewe na Bura mara moja mwende kwa mama yako. Nilisema mimi sitakuja kukaa ndani ya upuuzi. Kisha nikafunga bahasha, na asubuhi nikasimama dukani tena. Siku kumi nilifanya hivyo.

Siku ya kumi ilikuwa ya mnada. Duka lilijaa. Niliona watu wanapisha mlangoni, nikadhani ni ng'ombe ameingia barazani, kumbe ni Mzee Tarmo. Hakuvuka kizingiti. Blanketi alikuwa amelibeba kwenye ncha ya fimbo. Alilishusha juu ya jiwe, akarudi nyuma.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

Hakuitikia. Umewahi kumwona mzee wetu akiacha shikamoo ianguke chini? Mimi sikuwahi.

"Mwana wa Akonaay, kaa huko huko," akasema. "Habari za Tlawi zimenifikia. Siku uliyoniuzia hili, ulikuwa umezipata?"

"Sikuwa nimepata."

"Nakuamini. Na leo unazo?"

"Ninazo."

"Asubuhi hii umeuza?"

"Nimeuza."

Bwana Idi akatoka nyuma ya mizani. "Kuna nini, mzee? Lina tundu? Tutakubadilishia."

"Blanketi ni zima, tajiri. Mwulize muuzaji wako."

Basi mimi nikaanza. Unanijua. Nikamweleza mzee kwamba surua huenda kwa pumzi, kwamba nimesoma vitabu vya madaktari, kwamba sufu iliyokaa siku nyingi haibebi kifo cha mtu, na kwamba kama angekuwa amesoma asingetembea kutoka Hirbadaw kurudisha kitu kizima. Nilisema vizuri. Wateja walinyamaza kunisikiliza, kama wanavyonisikiliza ninaposifu majembe. Mzee Tarmo aliegemea fimbo yake mpaka nikafika mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi sikuuliza habari za ugonjwa. Watu huficha ng'ombe wa wizi. Wewe umemficha mtoto." Akatazama wale watu wote, kisha akanitazama mimi. "Alikuwa anaitwa nani?"

Nilifungua kinywa. Mimi, ambaye hata padri alishindwa kuninyamazisha, nilitafuta jina la binti yangu na halikutoka. Mwanamke mmoja wa Kibarabaig, mteja wangu wa siku nyingi, aliacha shanga alizokuwa anachagua akatoka nje, na wengine wakamfuata. Wale si watu wa desturi yetu, lakini waliona. Mzee Tarmo aliondoka bila kutaka blanketi jingine wala chochote. Alisema tu, akiwa amenipa kisogo, "Mama yake yuko wapi? Yuko peke yake?" Hakungoja jibu.

Bwana Idi alifunga mlango wa duka mchana ule, siku ya mnada. Akavuta gunia la chumvi akakaa.

"Siku kumi unakula nami sahani moja," akasema, "na mimi nakuuliza habari za nyumbani, unaniambia nzuri."

"Ungefanya nini?"

"Ningekaa nawe, Boay. Unadhani kukaa mnajua nyinyi tu? Mama yangu alikaa eda mpaka ikaisha, na hakuna aliyekwenda kumsema gazetini."

Nikamwambia eda na metimani si kitu kimoja. Akaniambia, "Leo usinifundishe." Baadaye akasema niende nyumbani. Nikamwambia nikienda nitakaa mpaka watakase, huenda mvua zije na kurudi. Akasema, "Basi ukae. Nafasi yako siwezi kukuwekea, sitakudanganya. Lakini duka usilihofie, lilikuwepo kabla yako." Hapo ndipo nililia. Sikulia kwa uzuri. Nililia kama mtu anayetapika, na yule Mrangi alinishika kichwa.

Mama Veronika, wazee wanaosikiliza huko nje wasishangilie mapema. Sijakubali kwamba ni haki kumwacha mwanamke peke yake na mtoto mwenye kikohozi, mvua inanyesha, asiwe na wa kumkatia kuni. Ni ukatili, na nitausema nikiwa ndani ya ua kama nilivyousema nikiwa nje. Bura akishindwa kwenda shule nitawaandika tena, na safari hii nitataja majina. Lakini nimekuwa nikipigana na ua huo kutoka Katesh, fimbo ya kupimia nguo mkononi, na wewe ukiwa ndani yake. Desturi haikusema ukae peke yako. Desturi inasema baba na mama. Aliyekuacha humo peke yako ni mimi, na nilikuwa nawalaumu wengine kwa kurasa nne.

Sikumwona akiugua. Sijui alisema nini siku zile tano, kama aliniuliza, na ulimjibu nini. Hilo silitaki katika barua, wala Yohana usimpe jibu aniandikie. Nitakuja kulisikia kwako, hata kama ni baya.

Kaka Lohay, shikamoo. Najua umesimama hapo karibu na Yohana. Nilikuita mlinzi wa giza, na wewe ndiye uliyechimba kaburi la mwanangu nilipokuwa sipo. Neno lile nalirudisha, mbele ya watu wale wale. Mengine tutabishana, ukiwa wewe nje na mimi ndani, sauti ninayo. Nakuomba kitu kimoja: mpaka nifike, uwe unawawekea mahindi na kuni mahali wanapoweza kuvichukua bila kumgusa mtu.

Nisalimie kwa heshima mama mkwe wangu, mwambie simlaumu kwa kutokuja, najua amezuiwa. Nisalimie dada yangu Paulina, ambaye nasikia alitupa vibuyu vya maziwa juu ya ua wakati wazee hawaoni. Asante sana, na safari nyingine asilenge ukuta. Nisalimie Katekista Yohana, ambaye koo lake sasa limekauka. Nisalimie Bura, umwambie baba yake anatembea.

Naondoka baada ya kumkabidhi Bwana Idi funguo, kesho kutwa. Sitapanda lori nikabanane na watu wasiojua nilicho nacho. Nitakwenda kwa miguu kupitia Dongobesh, nitalala pembeni, na watu wetu nikikutana nao nitawaambia kabla hawajanipa mkono. Tlawi nitaingia kwa njia ya korongoni, ambako mifugo ya watu haipiti. Usipike, usitoke kunilaki. Ukisikia mtu anaingia uani bila kupiga hodi, usishtuke. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuingia humo ila mimi.

Mumeo,
Boay