Benchi Nililolivuta Mwenyewe

Uyole, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Kamwene, Mama, na shikamoo juu yake. Goti linaendeleaje? Bado linakusumbua ukungu ukishuka, au limekuhurumia mwaka huu? Na njegere za kule bondeni zimechanua? Mimi huku ni mzima kabisa, nakula, nalala, na mashavu yameongezeka kidogo, kwa hiyo usimsikilize dada akikwambia kwamba kwenye picha nimekonda. Picha ile ilipigwa na simu mbovu.

Nimeamua kuandika kwa sababu huko Igowole mpaka upande kilimani ndiyo simu ishike, na haya niliyonayo si ya kupigiana kelele huku majirani wanapita na madumu yao. Nimengoja msafiri wiki kadhaa; binamu anasafiri kesho, atakuletea barua mkononi. Kaa chini, vaa miwani, na mwambie dada asikusomee harakaharaka. Mama, nimepita! Majaribio yamekwisha na nimebaki kwenye chumba cha watoto njiti. Najua nimeanza na mwisho, lakini ningengoja hadi ukurasa wa pili ningepasuka.

Sasa nirudi nyuma. Nilipokwambia nimehamishwa kutoka chumba cha vidonda kwenda kwa njiti, uliniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Kisha ukaniambia niombe nirudishwe, kwamba chumba kile kitanivunja moyo. Nilijua ulikuwa unamfikiria kaka yangu, yule aliyezaliwa njiti kabla yangu akakaa nasi siku mbili tu. Sikukujibu vizuri siku ile, nisamehe. Nilikuwa naogopa kuliko wewe.

Hebu fikiria mwenyewe. Miezi minane nimefunga vidonda vya watu wazima, madereva wa malori na wakulima waliojikata kwa majembe, mikono imezoea kushika paja zima. Halafu napewa mguu wenye unene wa kidole changu. Watoto wale wanalishwa kwa mrija mwembamba unaopita puani, maziwa yanashuka taratibu, kila baada ya saa tatu. Asubuhi wanapimwa uzito, na huko gramu kumi ni habari kubwa. Siku ya kwanza nilimshika mtoto huku nimebana pumzi, hadi Sista Filomena akanigusa kiwiko, akasema, "Pumua, Tumsifu. Yeye mwenyewe anapumua."

Sista Filomena ndiye mkuu wa chumba. Ni mama mfupi wa Kibena kutoka Njombe, sauti yake iko chini, na ukiisikia inazidi kushuka ujue umekosea. Wauguzi wapya anawaandika kwenye ratiba ya ukutani kwa penseli. Mwezi mmoja. Ukifaa, anakuandika kwa wino. Usipofaa, anachukua kifutio na unarudi ulikotoka bila maneno mengi. Kila asubuhi nilikuwa natazama jina langu ukutani kabla hata ya kunawa mikono, na kila asubuhi lilikuwa penseli tupu.

Wiki ya tatu akaletwa Subilaga. Ni binti wa umri wa mdogo wetu, mzazi wa kwanza, amejifungua kabla ya wakati. Mtoto wake wa kiume alikuwa na kilo moja na gramu mia mbili. Mumewe ni dereva, lori lake lilikuwa njia ya Zambia, kwa hiyo aliyekuja kutoka kijijini kwao, upande wa Tukuyu, alikuwa mzee mmoja wa koti refu jeusi. Babu wa mtoto. Mama mkwe alishafariki. Mzee huyo alikuja saa moja asubuhi, akakaa nje kwenye baraza, na unajua baridi ya Mbeya ikiamua. Mimi nikamwona anatetemeka, nikasema haiwezekani, mzee wa watu! Nikalivuta benchi mwenyewe kutoka barazani, nikaliingiza kwenye korido, nikaliweka karibu kabisa na mlango wa chumba cha njiti ili apate joto na habari kwa pamoja. Akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, ndaga fijo." Nilitembea siku nzima kama niliyepewa zawadi.

Kuanzia siku ile Subilaga akaacha kuja.

Wenzake walitoka chumba cha kina mama kila saa tatu, wakapita kwenye korido, wakaingia, wakawabeba watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi. Yeye hakuonekana. Maziwa aliyakamua huko huko, akayatuma kwenye kikombe kwa jirani yake, na kila kikombe kilikuwa na kidogo kuliko kilichotangulia. Mtoto asipobebwa na mama, joto linapungua, na maziwa ya mama nayo yanapungua. Asubuhi mizani ikaonyesha ameshuka gramu ishirini. Kesho yake thelathini. Nikaenda kumuuliza mama yake, akasema anaumwa kichwa. Nikaenda tena, akasema tumbo. Mama, wewe unajua mdomo wangu. Nikamwambia, "Kichwa chako na maisha ya mtoto, kipi kikubwa?" Akalia bila sauti. Nami nikaona analia kwa kuwa nimemshika kwenye ukweli.

Siku ya tatu nikamshika mkono. Nikamwambia leo tunakwenda wote. Alikuja, anaburuta miguu, mpaka tulipofika kwenye kona ya korido. Hapo akaliona lile koti jeusi. Akajifunika khanga usoni, akachuchumaa chini, amegeukia ukuta. Natazama mbele, na mzee naye ameruka kutoka kwenye benchi, amegeukia ukuta wa upande wa pili, koti amelivuta hadi masikioni. Mimi nimesimama katikati na kikombe cha maziwa, naitazama migongo yote miwili. Nikasema moyoni, kumbe hawa wamegombana! Nikawasemea wote wawili, Mama, kwa sauti, kwamba mtoto hajui ugomvi wa wakubwa. Binti akanyanyuka akakimbia alikotoka. Mimi nikaenda kuandika kwenye faili: mama hatoi ushirikiano, kuna ugomvi wa kifamilia. Nikaweka na sahihi.

Asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu nikaisoma taarifa yangu kwa sauti kama msomaji wa matangazo kanisani. Mtoto ameshuka tena. Sista Filomena akaniuliza, "Mama yake umemuuliza?"

"Nimemuuliza, Sista."

"Umemuuliza au umemfokea?"

Sauti ilikuwa imeshuka mno. Akaongeza tu kwamba mtoto huyo hana siku nyingi za kupoteza, akatazama ratiba ukutani, kisha akaendelea na mtoto mwingine. Mwezi wangu ulikuwa umebakiza siku tano. Nikatoka nje ya chumba machozi yakinilengalenga, nikajificha pale wanapowekea ndoo.

Mama Lusajo, anayefanya usafi kwenye wodi yetu, alikuwa anakamua dekio. Naye ni Mnyakyusa. Akanitazama akasema, "Wewe sista, unalia nini? Si wewe umemweka mzee mlangoni?"

"Nilimwonea huruma. Kosa liko wapi?"

"Yule ni baba mkwe wake! Kwetu sisi mkamwana haonani na baba mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba ampishe. Siku hizi wengi wameacha, lakini hao wa kwao wanashika bado. Sasa wewe umeweka mzee pale, halafu unamwambia binti apite. Apite wapi, dirishani?"

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie nini? Akutume wewe umfukuze baba mkwe wake kwenye baridi?"

Mama, nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kwetu mkwe unamwendea, unapiga goti, unamnawisha mikono, na mtu akikaa mbali tunasema ana kiburi. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna watu ambao heshima yao ni kupishana. Binti wa watu alikuwa anateseka siku tatu, maziwa yanamkauka, kwa sababu ya benchi nililolivuta mimi kwa mikono yangu. Nilimfokea mtu aliyekuwa na adabu kuliko mimi. Aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia tangu siku ile uliponikuta nimeiba maandazi ya mama mchungaji.

Nikaenda kwa mzee. Nilidhani atakasirika. Nikachuchumaa mbele yake nikamweleza polepole kwamba mlango wa kwenda kwa mtoto ni huu huu mmoja, hakuna mwingine. Akageuka kuutazama mlango.

"Mimi nilikuwa nafikiri yeye anapitia huko nyuma," akasema. "Siku ile nilipomwona nikajua amepotea njia. Kumbe mimi nakaa hapa kumlinda mjukuu, kumbe ndiyo nimeziba mlango?"

Akasimama, akalishika benchi upande mmoja, nami upande wa pili, tukalipeleka mpaka karibu na dirisha la dawa, ambako jua linaingia asubuhi na huioni korido. Akataka kitu kimoja tu, kwamba kila nikimaliza kupima nimpelekee namba. Nikakubali. Kisha nikakimbia chumba cha kina mama. Nikapiga goti kando ya kitanda cha Subilaga, nikamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu. Njia iko wazi." Alichukua khanga yake, akatangulia kutoka, na mwendo ule, Mama, nilikuwa nakimbia nyuma yake.

Nilimfunga mtoto kifuani kwake kwa mikono yangu hii. Alikaa naye mpaka jioni. Nilimletea chai humo humo.

Kesho yake mtoto hakushuka. Keshokutwa yake alipanda gramu kumi na tano! Nilikwenda dirisha la dawa nikipepesuka kwa furaha. Mzee aliuliza, "Kumi na tano ni kama nini?" Nikamwambia ni kama maharage machache kiganjani. Akafungua kiganja akakitazama, akacheka peke yake.

Lakini faili lilikuwa bado na maneno yangu. Nikayapiga mstari mmoja, kama tunavyofundishwa, ili yasomeke, nikaandika pembeni kwamba mama alizuiwa na mpangilio wa korido uliofanywa na muuguzi, nikaweka sahihi ile ile. Kwenye makabidhiano nikalisoma mbele ya wote, bila sauti ya matangazo. Sista Filomena hakunisifu. Aliniambia tu nirudishe kalamu yake.

Mwezi ulipoisha niliingia asubuhi nikiwa nimeshajiandaa kurudi kwenye vidonda. Nikatazama ukutani. Jina langu lilikuwa kwa wino wa bluu, na kwa umbo la mwandiko lilikandamizwa kweli kweli. Mama, nilicheza! Nilicheza kwenye chumba cha mashuka mpaka Mama Lusajo akaacha dekio akanipigia vigelegele. Na si hilo tu. Wiki hii nimepewa wanafunzi wawili wa uuguzi niwaelekeze. Mimi! Cha kwanza nimewatembeza koridoni, nikawaonyesha kila mahali mtu anapoweza kukaa na kila mahali mtu anapopaswa kupita. Walinitazama kama nimechanganyikiwa.

Alhamisi hii, wiki ya sita tangu tulihamishe benchi, mtoto wa Subilaga aliruhusiwa, kilo moja na gramu mia nane. Baba yake amerudi safari na ndiye aliyekuja kuwachukua. Subilaga alimbusu mwanawe akaniwekea mikononi, akasema, "Mpelekee babu yake amwone." Nikatembea naye hadi dirisha la dawa. Mzee alisimama wima kabisa. Nikamweka kwenye lile koti jeusi. Alimwangalia muda mrefu, kisha akanirudishia akasema, "Mwambie mama yake amefanya kazi kubwa." Nikarudi nikamwambia. Subilaga akasema, "Mwambie baba nimesikia." Nikaenda tena! Nilikwenda na kurudi mara nne, Mama, nikiwa nimebeba mtoto na maneno ya watu wawili wanaopendana kwa mbali, na sikuchoka.

Nisalimie dada anayekusomea hapa, na wifi yangu na watoto wake, na mjomba wa kiwanda cha mbao, mwambie bado nina lile shati lake. Mama mchungaji mwambie maandazi nitalipa kwa sala.

Sasa ombi langu. Yule mtoto alitoka hospitali na kofia niliyomtengenezea kwa soksi yangu, na waliobaki ndani wana soksi za wenzangu. Vichwa vyao vinapoteza joto haraka kuliko kitu chochote. Wewe ndiye fundi wa kufuma. Nifumie kofia kumi kwa uzi laini wa sweta, rangi yoyote. Niliuliza fundi mmoja hapa Uyole, akasema hajui kichwa kidogo hivyo kinakuwaje, akataka nimletee kipimo. Wewe sikuletei. Kule chini ya sanduku la bati kuna ile kofia ya njano ya kaka yangu, ambayo hukuwahi kumvisha mtoto mwingine. Ibaki kuwa yake. Itoe tu kidogo, upimie.

Mwanao niliyeandikwa kwa wino,
Tumsifu