Sigara ya Mkwe

Mjukuu wangu Saidi,

Marahaba. Huku tu wazima, ila maji bado ni ya shida.

Umeniuliza, miaka yote hii tangu uache sigara, kwa nini bado nina hofu. Ni kwa sababu ya babu yako. Alikuwa ameacha kabisa, hata harufu yake haitaki. Siku moja tunaokota korosho, baba yangu akamwita: "Mkwe, kaniwashie sigara jikoni." Mkwe hakataliwi. Akainamia moto, akavuta mara moja tu ili ishike. Basi, hakuacha tena.

Nawe unaoa Tandahimba, na baba mkwe wako anavuta. Akikutuma, mpelekee kaa la moto awashe mwenyewe. Wakisema huna adabu, waache. Babu yako tulimsifu adabu mpaka kaburini.

Bibi yako, Chilangala