Chupa Ndani ya Soksi

Alhamisi, Gatongora. Jua limekataa kutoka siku nzima. Ni ile baridi ya Julai, na bado vumbi la barabara halijatulia. Nimepiga chafya kumi na moja kabla ya chai.

Leo nimeumbuka, na ni mimi nilijiumbua.

Nianze na pua. Tangu darasa la nne inawasha, inatiririka, halafu inaziba kama imetiwa simiti. Shuleni naitwa Mfereji. Shiru, tunayeimba naye kwaya, ndiye hupaza sauti zaidi: "Mfereji, funga maji, unaloanisha vitabu!" Mimi hucheka nao. Mtu wa haya ana jibu gani lingine?

Mama naye kila jioni huchemsha majani ya mikaratusi, ananifunika taulo kichwani na kuniambia, "Vuta, mami. Vuta hadi ndani." Miaka hiyo yote. Hajawahi kuchoka.

Kwaya ya vijana ndipo mahali pekee nisipoona haya. Desemba nilipewa ubeti wa kuimba peke yangu, na wiki hiyohiyo pua ikaziba kabisa. Nikaingia kemisti moja, duka la dawa kule Witeithie, nikanunua matone ya pua. Dakika mbili tu, nikasikia harufu ya mandazi kutoka ng'ambo ya barabara. Nilitokwa na machozi, si uongo.

Karatasi ya ndani ya pakiti ilisema yasizidi siku tatu. Nimetumia miezi saba.

Mawili tundu hili, mawili lile, nikiwa nimejifungia chooni. Mwezi huu nanunua Witeithie, mwezi ujao Kamenu nikienda kwa tata, shangazi yangu, ili muuzaji yeyote asizoee uso wangu. "Ni za mamangu," nilikuwa nasema. Kemisti ya hapa Gatongora niliikwepa kwa sababu mwenye duka anamjua Mama.

Leo Mama alinipeleka kliniki Thika. Daktari akanimulika puani, akauliza kama kuna matone natumia. Mama akacheka.

"Huyu? Hapana, daktari. Huyu wangu hata kudanganya hajui."

Daktari hakumtazama Mama. Alinitazama mimi. Nikainama, nikavuta soksi ya kushoto, nikaweka chupa mezani.

Alieleza polepole, bila ukali. Matone haya yanafungua pua leo, kesho inavimba zaidi ikiyataka tena. Ugonjwa ulianza kama mzio, ile aleji ya vumbi, sasa dawa yenyewe ndiyo inaniziba. Niyaache kabisa. Nitumie dawa nyingine ya kupuliza puani, kila asubuhi, pamoja na maji ya chumvi ya kuoshea pua. Itachukua wiki kadhaa, na siku za kwanza nitaziba vibaya sana.

"Hadi Jumapili?" nikauliza.

"Hata baada ya Jumapili."

Jumapili ni siku ya vijana kanisani. Ubeti ni wangu.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Njia nzima ya kurudi alishika mkoba wake kwa mikono miwili, vile mtu hushika akikaa kando ya asiyemjua.

Jioni hakuchemsha majani. Sufuria imebaki kwenye msumari.

Sasa hii sijamwambia mtu. Kulikuwa na chupa nyingine, ndani ya kisanduku cha jiometri. Niliiweka kwa ajili ya Jumapili. Nimekaa nayo kitandani karibu saa nzima. Matone manne tu na ningeimba hadi nyuma kabisa wasikie.

Nikainuka, nikaipeleka jikoni. Mama alikuwa anasonga ugali. Nikaiweka kando ya unga.

"Mama, hii ndiyo ya mwisho."

Aliiangalia. Akaendelea kusonga. Halafu, bila kugeuka:

"Na ya tatu iko wapi?"

Hakuna ya tatu. Naapa hakuna. Lakini niliposema "hakuna," ilitoka kwa sauti ileile ya "ni za mamangu." Hata mimi niliisikia.

Nimemwandikia kiongozi wa kwaya kwamba sitaweza Jumapili, Shiru aimbe. Amejibu "sawa" haraka, kama mtu aliyekuwa ameshikilia simu akingoja.

Naandika nikipumua kwa mdomo. Matundu yote mawili ya pua yameziba. Asubuhi nitapuliza ile dawa, nioshe pua kwa maji ya chumvi, niende shule niitwe Mfereji.

Pua yangu daktari aliipa wiki kadhaa. Imani ya Mama itachukua muda gani kurudi, sikuuliza.